Chembe za Koloidi Zinazobeba Chanjo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo wazazi, wauguzi na wanafunzi wa afya wa Unguja na Pemba huyauliza kila yanapozungumzwa mambo ya chanjo. Nimefanya kazi ya dawa na chanjo visiwani kwa miaka mingi, na nimejibu kwa urefu pale ambapo jambo lenyewe linataka urefu.

Koloidi ni kitu gani?

Chukua tui la nazi. Nazi ikishakunwa na kukamuliwa, tui la kwanza linalotoka si maji matupu wala si mafuta matupu. Ni matone madogo mno ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na kila tone limevishwa protini zinazolizuia lisiungane na jirani yake. Weupe wake unatokana na mwanga unaogonga matone hayo na kutawanyika kila upande. Hali hiyo, ya kitu kimoja kugawanyika vipande vidogo sana vikaelea ndani ya kitu kingine bila kuyeyuka na bila kutuama upesi, ndiyo koloidi. Jina hilo lilitolewa na mkemia wa Uskochi, Thomas Graham, mwaka 1861. Kwa kawaida wataalamu huhesabu kuwa za koloidi zile chembe zenye upana wa nanomita 1 hadi nanomita 1,000, yaani hadi mikromita moja, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Matone ya tui mengi yamezidi kipimo hicho, lakini tabia yake ni ileile.

Tabia moja ya tui inafaa ikumbukwe tangu sasa, kwa sababu tutairudia: tui hukatika. Mpishi akilichemsha kwa moto mkali bila kulikoroga, mafuta hujitenga juu na maji chini, na hata akoroge mpaka mkono uchoke halirudi kuwa lile la mwanzo. Hakuna kilichopungua ndani ya sufuria. Mafuta ni yaleyale na maji ni yaleyale. Kilichopotea ni mpangilio.

Kwa nini protini ya kijidudu haidungwi peke yake?

Chanjo za zamani zilitumia kijidudu kizima, kikiwa kimeuawa au kimedhoofishwa, na mwili ulikitambua mara moja kwa sababu ndicho adui aliyezoea kupambana naye. Kijidudu kizima, hata hivyo, huja na mambo mengine yasiyohitajika, ambayo baadhi yake huleta homa kali. Ndipo wataalamu wakaanza kuchukua kipande kimoja tu kinachotosha kumtambulisha adui, yaani antijeni, na kukisafisha. Chanjo ikawa tulivu zaidi, lakini pia ikawa dhaifu, kwa kuwa protini iliyoyeyuka peke yake huchukuliwa upesi na maji ya mwili kabla askari wa kinga hawajaitilia maanani.

Dawa ya udhaifu huo ni kuirudishia antijeni umbo la chembe. Seli zinazolinda ngozi na misuli zimeumbwa kumeza vitu vyenye ukubwa wa virusi na bakteria. Zikikuta chembe ya ukubwa huo, huimeza, huivunja, kisha huenda kuvionesha vipande vyake kwa seli nyingine ndani ya tezi za limfu, zilezile ambazo zikivimba kinenani tunaziita mitoki. Ukubwa una kazi yake hapa. Chembe zenye upana wa nanomita 20 hadi 200 huweza kusafiri zenyewe katika mishipa ya limfu mpaka kwenye tezi, ilhali zile kubwa zaidi hungoja zibebwe na seli. Umbo nalo lina kazi yake: chembe iliyojaa antijeni ileile juu ya uso wake, kwa safu zinazojirudia, hushika vipokezi vingi kwa mara moja juu ya seli inayotengeneza kingamwili, na seli hiyo huamka kwa nguvu ambayo antijeni moja inayoelea peke yake haiwezi kuileta.

Kwa hiyo mtu asidhani chembe ni kifungashio cha kutupwa kama karatasi ya pipi. Chembe ni sehemu ya ujumbe wenyewe.

Chembe hizi zilianza kutumika lini?

Mwaka 1926, Alexander Glenny na wenzake nchini Uingereza waligundua kwamba sumu ya dondakoo iliyokwisha kufanywa isiyodhuru, ikituamishwa kwa shabu, huamsha kinga kubwa zaidi kuliko ikiwa imeyeyuka peke yake. Shabu ni hilihili jiwe jeupe linalouzwa madukani kwa kutuliza maji machafu na kupaka baada ya kunyoa. Anayelitumbukiza katika ndoo ya maji ya tope huona tope likishikana na kutuama chini. Kinachofanyika ndani ya kichupa cha chanjo ni cha ukoo huohuo, isipokuwa kinachoshikwa si tope bali ni antijeni.

Shabu ni mojawapo ya chumvi za alumini; zinazotumika leo ni hasa haidroksaidi ya alumini na fosfati ya alumini. Chembe zao za msingi ni za nanomita chache hadi makumi kadhaa, nazo hushikamana kwa ulegevu zikafanya mafungu ya mikromita kadhaa. Katika hali ya kawaida ya mwili, haidroksaidi hubeba chaji chanya na fosfati hubeba chaji hasi, kwa hiyo mtengenezaji huchagua kulingana na chaji ya antijeni yake, ili viwili hivyo vivutane na kukaa pamoja. Ni jambo dogo la kemia, lakini mimi huliona kuwa miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika kazi hii.

Je, chanjo anazopata mwanangu kituoni zina chembe hizi?

Ndiyo, nyingi zinazo. Chanjo ya pamoja ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya aina B na bakteria wa Hib, ambayo mtoto hudungwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, ina chumvi ya alumini. Vivyo hivyo chanjo ya nimonia, na ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ambayo wasichana wa Tanzania walianza kuipata kwa mpango wa nchi nzima mwaka 2018.

Mbili kati ya hizo zina chembe mara mbili. Antijeni ya homa ya ini B ni protini inayotengenezwa na hamira iliyobadilishwa vinasaba, na protini hiyo hujikusanya yenyewe ikawa vijitufe vya nanomita 22 hivi. Ya saratani ya mlango wa kizazi nayo hujipanga yenyewe ikafanana na kirusi kizima kwa umbo, cha nanomita 50 hadi 60, lakini ndani ni mtupu: hakuna vinasaba vya kirusi, kwa hiyo hakiwezi kuzaliana wala kumwambukiza mtu. Vijitufe hivyo ndivyo vinavyonata juu ya alumini.

Chanjo ya surua na ile ya kifua kikuu, BCG, hazimo katika kundi hili. Hizo ni za vijidudu hai vilivyodhoofishwa, huja zikiwa unga mkavu, na huchanganywa na maji yake maalumu kabla ya kudungwa.

Tunaambiwa alumini ni sumu. Mbona anadungwa mtoto mchanga?

Swali hili ni la haki, na mzazi anayeuliza asibezwe. Alumini ndiyo metali iliyo nyingi kuliko zote katika ganda la dunia. Imo katika udongo, katika maji, katika mboga na katika maziwa ya mama. Kiasi kilichomo katika dozi ya chanjo ni kidogo, na sheria za dawa za Ulaya haziruhusu kizidi miligramu 1.25 kwa dozi. Huyeyuka polepole pale kilipodungwa, kikaingia katika damu na kutolewa na figo. Imetumika kwa karibu miaka 100. Madhara yanayojulikana na yanayoonekana kila siku ni maumivu, uwekundu na uvimbe mahali pa sindano, na mara nyingine kijiuvimbe kigumu kinachokaa kwa wiki kadhaa kabla ya kuyeyuka. Kijiuvimbe hicho kisikandwe kwa mafuta ya moto wala kuchanjwa kwa wembe.

Kuna chembe za namna nyingine zaidi ya alumini?

Zipo, na nitazitaja zile ambazo tayari zimo katika chanjo zilizoidhinishwa.

Kuna zinazotengenezwa kwa matone ya mafuta ndani ya maji, ndugu wa karibu kabisa wa tui. Mafuta yanayotumika huitwa skwalini, na kwa miaka mingi chanzo chake kikubwa kimekuwa ini la papa. Wazee wetu waliopaka sifa, yaani mafuta ya papa, kwenye mbao za majahazi wameyashika mafuta ya ukoo huo kwa mikono yao. Matone yake katika chanjo ya mafua iitwayo Fluad, iliyoidhinishwa Italia mwaka 1997, yana upana wa nanomita 160 hivi, na chanjo hiyo ilikusudiwa wazee, ambao kinga yao huwa imepoa.

Kuna liposomu, ambazo ni vijifuko vya mafuta yaliyojipanga tabaka mbili kama utando wa seli. Alec Bangham wa Uingereza ndiye aliyezieleza katika miaka ya 1960, na mwaka 1974 Gregory Gregoriadis na Anthony Allison wakaonesha kwamba zinaweza kuongeza nguvu ya chanjo. Ilichukua muda mrefu kufika kwa wagonjwa. Leo liposomu zilizotiwa vichocheo viwili vya kinga, kimoja kikiwa kimetolewa katika gamba la mti wa Chile uitwao Quillaja saponaria, zimo katika chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021 kwa watoto wanaoishi penye malaria ya wastani hadi nyingi.

Ya pili ya malaria, R21, ilipendekezwa Oktoba 2023. Humo antijeni ya vimelea imeunganishwa na protini ileile ya homa ya ini B, ili ijikusanye kuwa chembe, kisha inachanganywa na chembe nyingine za nanomita 40 hivi zilizotengenezwa kwa kolesteroli, mafuta na dondoo la mti uleule. Majaribio yake makubwa yalifanyika Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, na kwa upande wetu yalifanyika Bagamoyo, ng'ambo tu ya mkondo wa Zanzibar.

Na kuna chembe za lipidi, yaani mafuta, zinazobeba mRNA (maagizo ya kinasaba yanayoifanya seli itengeneze antijeni yenyewe), ambazo dunia ilizijua wakati wa UVIKO-19. Katalin Karikó na Drew Weissman walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2023 kwa kugundua jinsi ya kuibadilisha mRNA ili mwili usiishambulie mapema; lakini mRNA hiyo ingekatwakatwa na vimeng'enya njiani lau isingevishwa vazi la lipidi. Lipidi moja katika vazi hilo haina chaji ikiwa katika damu, ila ikishamezwa na seli na kuingia katika kijifuko chenye asidi hupata chaji chanya, ikasaidia kukitoboa kijifuko na kuutoa mzigo.

Je, ndani yake mna kitu cha haramu?

Alumini ni madini. Dondoo la Quillaja ni la mti. Skwalini ni ya samaki, na siku hizi hutengenezwa pia kutokana na mimea. Wasiwasi ambao wengi wameusikia unahusu jelatini, ambayo huweza kuwa ya nguruwe na hutiwa katika baadhi ya chanjo za virusi hai ili visiharibike. Hiyo si chembe inayobeba antijeni, na haimo katika kila chanjo. Anayetaka kutulia moyo na aulize jina kamili la chanjo, asomewe orodha ya viambato, kisha aipeleke kwa mwanachuoni anayemwamini. Hukumu ya kidini si kazi yangu.

Kwa nini wauguzi wanahimizwa chanjo isigande, ilhali sisi tunaogopa joto?

Kama ningeruhusiwa kujibu swali moja tu katika ukurasa huu, ningejibu hili.

Sisi wa visiwani tumelelewa na hofu ya joto. Wengi tunakumbuka Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa kiasi cha miezi mitatu bila umeme, na jinsi kila mwenye friji ya chanjo alivyohangaika. Hofu hiyo ina msingi. Lakini imezaa dhana kwamba kadiri baridi inavyozidi ndivyo usalama unavyozidi, na kwa chanjo zenye alumini dhana hiyo ni kosa.

Niliwahi kufika katika kituo kimoja cha afya cha shamba, asubuhi, siku ya kliniki. Kina mama wamejaa barazani. Nilipofungua friji nikakuta vichupa vya chanjo ya pamoja vimepangwa vizuri, safi, vimegusana na ukuta wa nyuma ambao ulikuwa umeota barafu nyeupe. Muuguzi, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alinitazama nikivitoa, akaniambia, "Mwanangu, hapo ndipo penye baridi nzuri, siku zote naviweka hapo." Tulikitikisa kimoja tukakiweka juu ya meza kando ya dirisha. Kwa kawaida maji yake hubaki meupe, yenye ukungu laini, kwa muda mrefu. Hiki kilianza kutuama mbele ya macho yetu: vipande vidogo kama chicha vikashuka, na juu yake yakabaki maji maangavu. Bibi yule hakusema kitu. Alivaa miwani yake, akakiinua kichupa, akakiangalia tena.

Kilichotokea ni hiki. Maji yanapoganda, fuwele za barafu hukua na kuzisukuma chembe za alumini pembeni, zikabanwa pamoja mpaka zikashikana. Barafu ikiyeyuka, maji hurudi kuwa maji, lakini chembe haziachani. Ni tui lililokatika. Antijeni imo, alumini imo, lebo haijabadilika, na kile kialama cha mraba ndani ya duara juu ya kichupa kinachobadilika rangi kwa joto kitaonesha kwamba kila kitu ni salama, kwa sababu hakikuundwa kupima kuganda. Mtoto atalia, kadi itaandikwa, na kinga itakuwa hafifu.

Chanjo hizi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Chini ya sifuri ni hasara isiyorekebishika; nyuzi 10 kwa saa chache, mara nyingi, si hasara kubwa hivyo. Kwa mwenye kubeba chanjo kutoka bandarini Mkoani kwenda vituo vya mbali, maana yake ni kwamba paketi za barafu zisiingizwe ndani ya kibebeo zikiwa ngumu kama jiwe. Ziachwe nje kwanza zitoe jasho, mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani.

Nitahakikishaje kwamba kichupa kimeganda au hakikuganda?

Kama kimekutwa na barafu ndani, hakuna la kuhakikisha, kitengwe. Kama ni shaka tu, hutumika jaribio la kutikisa. Huchukuliwa kichupa kimoja cha chanjo ileile, cha mtengenezaji yuleyule na toleo lilelile, kikaandikwa wazi kwamba si cha kutumika, kikagandishwa makusudi usiku kucha, kisha kikaachwa kiyeyuke. Hicho na kile cha shaka hutikiswa pamoja kwa mkono mmoja, vikawekwa bega kwa bega mahali penye mwanga, visiguswe. Cha shaka kikituama kwa kasi sawa na kilichogandishwa, au kwa kasi zaidi, hutupwa pamoja na wenzake waliokaa nacho. Kikibaki na ukungu wake wakati mwenzake amekwisha tuama, kinafaa.

Mbona chanjo za mRNA hugandishwa nyuzi nyingi chini ya sifuri na haziharibiki?

Kwa sababu ni koloidi ya namna nyingine. Chanjo ya Pfizer na BioNTech ilihifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 90 chini ya sifuri, kwa kuwa mRNA huvunjika yenyewe katika joto la kawaida. Ndani yake mmetiwa sukari inayozizingira chembe za lipidi ili barafu isizibane. Hakuna kanuni moja ya baridi kwa chanjo zote. Soma maelezo ya kila moja.

Kuna chanjo ya chembe ambayo haidungwi?

Ya kipindupindu inanywewa. Mwaka 2009 watu wa shehia kadhaa za Unguja na Pemba walipewa chanjo iitwayo Dukoral kwa dozi mbili, na utafiti uliofuatia ulionesha kwamba iliwakinga waliokunywa, na hata majirani zao ambao hawakunywa walipata nafuu. Humo antijeni ni bakteria wazima waliouawa, ambao ni chembe kwa maumbile yao, pamoja na kipande cha sumu yao ambacho asidi ya tumbo hukiharibu. Ndiyo sababu ilinyweshwa pamoja na maji yenye magadi ya kutuliza asidi. Ukuta wa utumbo una seli maalumu zinazozoa chembe na kuzipitisha kwa askari wa kinga walioko nyuma yake.

Je, ipo siku sindano moja itatosha badala ya tatu?

Watafiti wamekuwa wakilitafuta hilo kwa miongo mingi, hasa kwa chembe za plastiki inayoyeyuka mwilini iitwayo PLGA, ambayo pia hutumika katika nyuzi za kushonea majeraha. Chembe moja hutoa mzigo leo, nyingine baada ya mwezi, nyingine baada ya miwili. Kwa dawa imefaulu. Kwa chanjo kikwazo kimekuwa antijeni kuharibika ikingoja zamu yake katika joto la mwili. Kitosani, inayotolewa katika magamba ya kamba na kaa, nayo inachunguzwa kwa chanjo za kupulizwa puani.

Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani huniuliza kama mwani wao umo katika chanjo hizi. Karagini inayotoka humo hutumika sana viwandani kuzuia maziwa na vinywaji visijitenge, na hiyo ni kazi ya koloidi kweli. Lakini kunywa maji ya mwani si kuchanjwa, na asiambiwe mtu hivyo.

Chanjo za kituo chetu zilitupwa kwa kuganda na mwanangu akakosa dozi ya pili. Aanze upya?

Hapana. Aendelee pale alipoishia mara tu chanjo nzuri itakapofika; dozi ya kwanza haipotei kwa kuchelewa. Ila kama kituo kimebaini kwamba hata ile ya kwanza ilitoka katika vichupa vilivyoganda, dozi hiyo haihesabiwi, na muuguzi ataandika tarehe mpya katika kadi. Nenda na kadi, na umuulize waziwazi.